Hivi kirusi kinazaanaje? Mwenye kuelewa anisaidie

Wakuu habari za jioni, mdogo wangu yuko form 3 kaniuliza kirusi kinazaanaje nikabaki natoa macho tu. Na kwanini VVU dawa zipo ila hakitoki mwilini?

Kichuguu: Mkuu kirusi peke yake hakili wala hakipumui, ni maelekezo tu ya kijenetiki yamefungwa kwenye ganda la protini. Ni kama mtu kaingia jikoni kwako na mapishi yake, anatumia sufuria zako, mkaa wako na wapishi wako. Sasa VVU kinanasa kwenye seli ya CD4 (seli ya kinga ya mwili), kikishaingia RNA yake, yaani yale maelekezo yake, inageuzwa kuwa DNA halafu inajichomeka kwenye DNA ya seli yenyewe, basi seli inaanza kutengeneza virusi vipya.

mama_K: Na hapo kwenye kujichomeka ndo kwenye shida, kuna seli zinalala na hiyo DNA miaka na miaka, ARV zinazuia visizaliane ila haziifuti, ndo maana mtu akiacha dozi vinarudi.

Mtoa mada: Aisee! Kwahiyo antibayotiki ninazonunuaga nikipata mafua ni hela bure?

Kichuguu: Hahaha bure kabisa, mafua ni virusi, hizo za bakteria.