Rafiki wa toka P3 (darasa la tatu) anapotea na mimi niko masomoni nje, nifanyeje?

Jamani naombeni ushauri. Niko China mwaka wa pili sasa, rafiki yangu yuko Kampala, tumekua pamoja mpaka mama yake alikuwa ananipakulia posho (ugali) bila kuuliza kama nimekula. Sasa huku nikimaliza kusoma saa tano usiku kule ndo saa kumi na mbili jioni, yuko kwa taksi katika jam, nikisema nitampigia wikendi VPN inagoma na bila VPN WhatsApp huku haifunguki. Juzi nimejua amepata mtoto, nimeona kwa status. Kwa status! Nililia kweli.

mama_wa_jinja: Pole sana mdogo wangu. Usingoje siku utakayopata saa nzima ya kuongea, haiji hiyo. Mwenzangu alipokuwa Toronto tulikuwa tunatumiana voisi tu, yeye anarekodi akitembea kwenda chuo, mimi narekodi nikisubiri rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, anasikia mayai yanavyopigwa kwa kikombe na yule kijana anauliza niweke nyanya ngapi, aliniambia alikuwa anarudia hapo hapo.

niliyebaki: Mimi ndo yule wa nyumbani. Wa kwangu yuko Uturuki, saa zetu ni zile zile kabisa na bado tulipotezana karibu mwaka mzima, kwa hiyo saa siyo shida. Yeye aliona nimenyamaza, kumbe sina bando, vidio kol moja inamaliza MB zote za siku, na niliona haya kusema maana nitaonekana naomba hela. Usimtumie picha nzuri nzuri tu, mwambie na mtihani uliofeli, hapo ndo na yeye atafunguka.

mtu wa Arua: Chukua na namba za simu za kawaida za watu wa kwao. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi nilikuwa Ujerumani, siku kama 5 kimya, rafiki yangu amelazwa na mimi sijui lolote, nilimpata tu kwa sababu namba ya dada yake nilikuwa nimeiandika kwa daftari.

muulizaji: Asanteni sana. Nimerekodi voisi ya dakika nne, nimefuta mara tatu, mwisho nimetuma ile nalia. Bado tiki moja. Namba ya mama yake ninayo, kesho nampigia nimuulize mtoto wamemwita nani.