Mjadala: Shirika la ndege likikaribia kufilisika, wafanyakazi wakubali kukatwa mshahara?

Raskazone: Wana Tanga, hili mnalionaje? Mwaka 2003 American Airlines iliwaambia wafanyakazi: tupunguzieni dola bilioni 1.8 kwa mwaka, la sivyo tunakwenda mahakamani kutangaza ufilisi. Marubani wakabeba milioni 660, wahudumu wa ndani ya ndege 340, mafundi na wafanyakazi wa ardhini 620, zilizobaki wakagawana wengine na mameneja. Mie nasema walifanya vema kukubali, na hapa kwetu shirika likiyumba iwe hivyo hivyo. Heri nusu shari.

Bi Makorora: Hadithi umeikata katikati, yakhe. Kura zimekwisha kupigwa ndipo ikajulikana wakubwa sita wameahidiwa bonasi ya mara mbili ya mshahara wa mwaka ili wasihame, na pensheni za vigogo zimefichiwa dola milioni 41 kwenye mfuko usioguswa na ufilisi. Yule bosi si alifungwa?

Spana 13: Hakufungwa. Don Carty, bosi mkuu, aliomba radhi, bonasi zikafutwa, akajiuzulu Aprili hiyo hiyo. Mfuko ulibaki. Na wahudumu walikuwa wamekataa, muda wa kura ukaongezwa siku moja, hapana ikageuka ndiyo. Kisha Novemba 29, 2011 kampuni ikaingia mahakamani vilevile.

Kosa ni kukubali bila masharti. Kabla ya kusaini, chama cha wafanyakazi kidai makisio ya fedha zinazoingia na kutoka wiki kwa wiki, walau wiki 13 za mbele. Taarifa ya mwaka jana haitoshi. Kidai kuona mikataba ya kukodi ndege na malipo ya injini yanayohesabiwa kwa saa za kuruka. Makato yawe na tarehe ya mwisho, na kuwe na kifungu cha kurudisha mshahara faida ikifika kiwango kilichoandikwa. Kifungu hicho kikikosekana, makato ndiyo mshahara mpya.

Chumbageni: Rubani naye tumhurumie? Si dereva wa basi la stendi ya Kange tu, kavaa tai.

Mabawa: Dereva? Haya, sikiliza. Dereva wa Kange leo ana basi hili, kesho anapewa jingine. Rubani wa Caravan, ile ndege ndogo inayotua hapa Tanga, hawezi kuamkia kwenye Dash 8, ndege kubwa zaidi ya injini mbili. Kuna kozi ya ndege ile ile, mtihani kwenye simuleta (mtambo wa kuigiza urushaji), kisha safari kadhaa pembeni ya mkufunzi. Ukaguzi unarudi kila miezi 6. Akifeli, harushi mpaka afundishwe upya. Cheti cha afya ni miezi 12, lakini akivuka miaka 40 na anabeba abiria peke yake, miezi 6. Dereva wako anapimwa nini?

Chumbageni: Anapimwa na trafiki wa Segera. Huyo hangoji miezi 6.

Ngamiani: 😂😂 Ila Mabawa, dereva wa basi naye kabeba roho za watu. Hasira za nini?

Spana 13: Tulikuwa kwenye mshahara jamani. Mafuta, malipo ya kukodi ndege na spea vinalipwa kwa dola, tiketi tunauza kwa shilingi. Ndege za Airbus A220 za ATCL, shirika letu la ndege la taifa, ziliposimama 2022 kwa ubovu wa injini, ungewakata wahudumu mshahara wote na injini isingepona.

Raskazone: Ndege zile ni za wakala wa serikali, ATCL imezikodi tu. Mdai wa shirika hazigusi.

Bi Makorora: Na ile iliyozuiwa Johannesburg 2019?

Raskazone: Deni lile lilikuwa la serikali, si la shirika.

Bi Makorora: Basi ndiyo kinga gani hiyo! Umeikimbiza ndege kwa mdai mmoja ukampelekea mwingine.

Duga: Mnasahau sheria. Marekani kifungu cha 1113 cha sheria ya ufilisi kinamruhusu jaji kuiachia kampuni ivunje mkataba wa chama, ndiyo maana wanakubali mapema. Hapa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi, aweke sababu wazi, ashauriane. Wakishindwana waende CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Malipo ya kuachishwa ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, ukomo miaka 10. Umefanya kazi miaka 25, unaondoka na siku 70. Na mgomo: mwongoza ndege wa mnarani haruhusiwi, kazi yake ni huduma muhimu. Rubani anaruhusiwa, baada ya usuluhishi wa siku 30, kura, na notisi ya saa 48.

Chumbageni: Mwongoza ndege ni muhimu, rubani agome tu. Sheria imenipa mie haki.

Mabawa: Caravan ya Pemba ina injini moja, na huyo unayemwita dereva mara nyingi yuko peke yake mbele. Mkate mshahara Jumatatu, upande naye Jumanne.

Chumbageni: Nitashuka bandarini nipande jahazi.

Ngamiani: Na nahodha utamwita nani?