Mrejesho: kamba za jahazi la mfano

Wakuu, niliuliza kwa nini kamba za jahazi langu dogo la mbao, la kipimo cha 1:50, zinalegea na kuota manyoya. Aliyesema nta ya nyuki, Mungu ambariki. Nimeupitisha uzi wa pamba juu ya kipande cha nta, kisha nikausugua kwa vidole mpaka nta ikapata joto na kuingia ndani. Manyoya yamelala, fundo halifunguki. Nailoni nimeitupa, inateleza mno. Kwa kipimo hiki kamba ya milimita 25 inakuwa uzi wa nusu milimita, na henza (kamba ya kupandishia tanga) nimeifanya nene kuliko demani (kamba ya kuongozea tanga) kwa sababu henza ndiyo inayobeba foromali, yaani mti unaofungiwa tanga, na tanga lenyewe. Makapi, yaani vigurudumu vya kupitishia kamba, ni shanga tu (msinicheke). Mlingoti umeinamia mbele, ndivyo majahazi yalivyo. Limebaki tanga, mwenye kujua kitambaa chepesi anijuze.