Kundi la Ukoo wa Chumbageni: Runinga ya Babu

Jumatano

Shangazi Rukia, 08:14
Assalaam alaykum nyote. Nawakumbusha kwamba Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana kwa Babu kutazama diski ya harusi ya Zuhura, ile ambayo marehemu Bibi anaonekana akiimba na kina mama uani. Jana Harith alileta deki mpya ya Blu-ray, lakini tundu lake la picha ni moja tu, nalo ni la HDMI, na nyuma ya runinga ya Babu hakuna tundu la namna hiyo. Naomba kila nyumba iseme itasaidia nini kabla ya adhuhuri.

Shangazi Rukia, 09:30
Nuru, naona umeshausoma ujumbe.

Ami Sefu, 10:52
Mimi naona deki irudishwe dukani, na fedha zake tununulie mchele wa pilau.

Mama Nuru, 10:55
Sawa, ila safari hii Sefu asikaribie jikoni, kwa sababu pilau ya Idi iliyopita mpaka leo tunaitafuna.

Shangazi Rukia, 10:56
Tafadhalini, zimebaki siku tatu. Idrisa, kazi yako huko Muscat ni hizi hizi. Tueleze.

Harith, 11:30
Shikamooni. Fundi wa mtaani ameniambia ninunue kile kiboksi kidogo kinachogeuza HDMI kuwa waya wa njano, mwekundu na mweupe. Nikinunue?

Idrisa, 12:40
Shikamooni wakubwa wote. Harith, usikinunue. Kiboksi hicho kitatoa picha, lakini waya wa njano hubeba picha ya mistari 576 au 480 tu, kwa hiyo uso wa Bibi tutauona umefifia kama kwenye mkanda wa zamani. Naomba upige picha nyuma ya runinga, matundu yote yaonekane.

Harith, 13:05
[Picha] Kuna matundu matatu ya kijani, bluu na nyekundu yaliyoandikwa Y, Pb na Pr, na pembeni yake matundu mawili ya sauti. Chini kuna tundu pana lenye vishimo vingi lililoandikwa DVI.

Idrisa, 13:48
Basi kazi inawezekana. Runinga ile ni ya mwaka 2003, na HDMI yenyewe ilitangazwa Desemba 2002, kwa hiyo wengi walikuwa hawajaanza kuiweka. Yale matundu ya rangi tatu hupokea picha ya HD, yaani yenye mistari mingi zaidi, ya 720p au 1080i (tarakimu ni idadi ya mistari). Deki za sasa hazinayo, kwa kuwa leseni ya AACS, yaani mfumo unaolinda diski za Blu-ray, iliwataka watengenezaji washushe ubora wa picha inayopita kwenye nyaya hizo kwa deki zilizotengenezwa baada ya 2010, na baada ya 2013 njia hiyo ikafungwa kabisa.

Njia ya kwanza ni waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha DVI upande wa pili. Bei yake ni ndogo na hauhitaji umeme, lakini DVI haibebi sauti, hivyo sauti itabidi itoke kwenye deki yenyewe hadi kwenye sabufa. Tena, ikiwa DVI hiyo haina HDCP, ambayo ni kufuli linaloifanya deki iiulize runinga kabla ya kuachia picha, kioo kitabaki cheusi au kitajaa chenga. Alama ya "HD ready" inayodhamini kufuli hilo ilianza Ulaya mwaka 2005, baada ya runinga yetu.

Njia ya pili ni konveta ya HDMI kwenda Y, Pb, Pr, yenye adapta yake ya umeme, na hiyo hutoa na sauti. Usiuziwe waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na vichwa vitano upande wa pili, kwani ndani yake hamna kitu cha kuigeuza picha. Kabla ya kuifunga, iunganishe deki kwenye runinga mpya ya mtu mwingine uipangie 1080i, maana ikitoa 1080p, inayoleta mistari yote kwa mara moja badala ya kwa zamu, huenda runinga ya Babu isionyeshe chochote, hata menyu.

Shangazi Rukia, 13:52
Ahsante mwanangu. Konveta inunuliwe, kila nyumba itoe shilingi elfu kumi, Harith akusanye.

Mama Nuru, 14:20
Kabla sijatoa, naomba kwanza nizione risiti za jenereta ya Muheza. Nimenyamaza miaka minne.

Ami Sefu, 14:21
Jenereta haikuwa mikononi mwangu peke yangu. Aliyeshika funguo anajulikana.

Shangazi Rukia, 14:23
Hayo tuyaache, tunazungumzia konveta.

Ami Sefu, 14:40
Basi tuongeze fedha tununue runinga mpya yenye HDMI tatu, hiyo kuukuu apewe fundi.

Babu, 16:05
Nimesomewa maneno yenu yote. Runinga hii aliileta Hamza kutoka Muscat, tukaiingiza sebuleni mimi na yeye, na Bibi yenu akawa anaifunika kitambaa kila usiku mpaka alipougua. Haitoki. Anayetaka kumwona Bibi yenu atamwona papo hapo alipokuwa akikaa. Habari ya jenereta nitaiuliza mwenyewe Jumamosi, mkiwa mmekaa mbele yangu.

Ami Sefu, 18:31
Tumesikia, Baba. Utuwie radhi.

Nuru, 20:17
Shikamooni. Nilikuwa kazini. Harith anaweza kuja kwangu Ijumaa jioni kuipangia deki hiyo 1080i, runinga yangu ina HDMI.

Harith, 20:40
Nitakuja. Ila maduka mawili niliyopita leo yana viboksi vya waya wa njano tu. Nimemwomba kijana mmoja aniangalizie konveta Kariakoo aipandishe basi, bado hajajibu. Mchango umetoka kwa Nuru peke yake.

Idrisa, 20:58
Ikikosekana, jaribu waya wa DVI. Je, deki hiyo ina tundu lolote la sauti?

Harith, 21:10
Sikuangalia, na deki nimeiacha kwa Babu. Nitapita kesho nikitoka kazini.

Shangazi Rukia, 21:11
Upite asubuhi, kabla hujaenda kazini.