Acheni kumwambia kila mtu "sakinisha tena": ushauri huu umenilia siku tatu na bando la wiki nzima

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tangu Jumatatu hadi jana usiku nimekuwa nikipambana na mstari mmoja wa kosa kutoka Python:

`ModuleNotFoundError: No module named 'pandas'`

Pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, ninayo. Nimeisakinisha kwa mkono wangu. Kazi yenyewe ni ndogo: mafaili arobaini ya Excel ya duka la pembejeo, mteja anataka yaunganishwe na kila mwezi uonyeshe jumla yake. Jioni moja inatosha. Nikiandika `pip install pandas` (pip ndiyo kisakinishi cha Python) naambiwa `Requirement already satisfied`, yaani ipo. Nikiendesha programu naambiwa haipo. Mteja anapiga simu asubuhi na jioni, mimi namjibu "bado kidogo, mzee wangu", na sina cha kumwonyesha.

Nikaomba msaada kwenye magrupu ya WhatsApp, nikaomba Telegram, nikamfuata hadi jamaa mmoja anayelipwa mshahara kwa kazi hii hii. Karibu wote jibu lao lilikuwa moja: futa, sakinisha tena. Mmoja akanipa na ya ziada, niweke `--force-reinstall --no-cache-dir`. Sasa sikilizeni, ninyi mnaotumia intaneti ya ofisini. Hiyo `--no-cache-dir` inaizuia pip isiguse mafaili iliyokwisha kuyahifadhi kwenye diski, kwa hiyo kila kitu kinashuka upya kutoka mtandaoni. Na `--force-reinstall` haiishii kwa pandas, inavuta na numpy na nyingine zote ambazo pandas inazitegemea. Nimeifanya mara tatu kwa pandas, mara moja kwa tensorflow, maktaba nyingine ambayo peke yake ni mamia ya megabaiti. Jumatano mchana bando la wiki likakata. Anayetoa ushauri huo anatumia hela ya mtu mwingine bila kumuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho tangu Jumatatu. Ule ujumbe wa "ipo tayari" una mkia ambao hakuna hata mmoja aliyeniambia niusome:

`Requirement already satisfied: pandas in c:\users\...\programs\python\python311\lib\site-packages`

Python311. VS Code, kihariri ninachoandikia kodi, ilikuwa inaiendesha programu yangu kwa Python 3.12. Laptop moja, Python mbili, na kila Python ina folda yake ya `site-packages`. Kilichosakinishwa kwa moja, nyingine haikijui kabisa. Neno `pip` nililokuwa naliandika kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia amri) lilikuwa la 3.11, na lilikuwa linasema kweli. VS Code nayo ilikuwa inasema kweli. Waliokosea ni walionijibu bila kuuliza Python ipi.

Kosa hili halisemi "hujasakinisha". Linasema: Python hii inayoendesha programu yako sasa hivi imepita kwenye orodha ya folda zake, ile inayoitwa `sys.path`, na haikuona kitu chenye jina hilo. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu apakue chochote, mwambieni aweke mistari hii juu kabisa ya faili lake, aendeshe vilevile anavyoendesha siku zote:

`import sys`
`print(sys.executable)`

Inaandika njia kamili ya Python inayofanya kazi. Haili hata kilobaiti moja ya bando. Kisha kwenye terminali aandike `pip --version`. Mwisho wa mstari ule kunaonekana pip ile ni ya Python gani na inakaa folda gani. Zikitofautiana, ugonjwa umeonekana. Kwenye Windows kuna pia `py -0p`, inaorodhesha Python zilizosajiliwa kwenye mashine na mahali zilipo. Mimi nilikuta tatu! Ya kwanza niliipakua python.org, ya pili ilitoka Microsoft Store, ya tatu ililetwa na Anaconda, kifurushi cha Python na maktaba zake, wakati wa kozi.

Dawa yangu ilikuwa mstari mmoja:

`py -3.12 -m pip install pandas`

Ukiandika hivyo huachii terminali ikuchagulie pip. Unaitaja Python unayoitaka, nayo inatumia pip yake. Kwa Linux na Mac ni `python3 -m pip install`. Kwa VS Code, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Python: Select Interpreter", chagua ile ile. Baada ya hapo pandas ikaingia, nikaendesha, nikakuta kosa jingine: openpyxl inakosekana. Hiyo kweli sikuwa nayo, pandas inaihitaji kusoma mafaili ya xlsx, na hapo ndipo "sakinisha" lilikuwa jibu sahihi. Dakika mbili tu.

Wanaotumia Jupyter, zile notibuku za kuandika na kuendesha kodi kipande kwa kipande, wana balaa lao. Mtu anaandika `!pip install` ndani ya notibuku, inamaliza vizuri, anaagiza moduli (yaani `import`), haipo. Alama ile ya mshangao inaipeleka amri kwenye terminali, na terminali inaokota pip yoyote inayokutana nayo kwanza, wakati notibuku inaendeshwa na keneli, yaani injini yake, ambayo huenda ni Python nyingine kabisa. Andikeni `%pip install`, kwa alama ya asilimia. Hiyo inasakinisha kwenye Python ya notibuku yenyewe.

Halafu majina. Hapa lawama naipeleka kwa watengenezaji pia, maana mgeni atajuaje? Unasakinisha `opencv-python`, unaagiza `cv2`. Unasakinisha `beautifulsoup4`, unaagiza `bs4`. PyYAML ni `yaml`, python-dotenv ni `dotenv`. Pillow unaiagiza kwa jina `PIL`, kwa sababu ilizaliwa kutoka mradi wa zamani wenye jina hilo na ikalibakiza ili programu za watu zisivunjike. Sababu naielewa, lakini anayeanza leo hakuwepo wakati huo. Na scikit-learn unaiagiza `sklearn`, basi mtu anajaribu `pip install sklearn`, anakutana na kosa jekundu ukurasa mzima, kwa kuwa jina hilo lilifungwa mwishoni mwa 2023. Yupo binti kwenye grupu letu aliyekaa wiki mbili akiamini laptop yake ndiyo mbovu. Wiki mbili, na wote waliomjibu walimwambia afute Python asakinishe upya!

Kuna na hili la dogo mmoja ninayemsaidia. Alikuwa anaandika programu ya kutuma barua pepe kwa wazazi kuhusu ada, faili akaliita `email.py`. Akaendesha, akapata `No module named 'email.mime'; 'email' is not a package`. Hiyo `email` ni moduli inayokuja na Python yenyewe, haisakinishwi. Lakini Python huanza kutafuta kwenye folda lilipo faili unaloliendesha, kwa hiyo ililikuta faili lake yeye kabla ya kufika kwenye ile ya kweli. Tulibadilisha jina la faili, ikaisha. Alikuwa tayari ameambiwa na "mtaalamu" abadilishe Windows.

Linux ndiko ushauri unakuwa wa hatari. Tangu Debian 12 (Debian ni aina mojawapo ya Linux) ya mwaka 2023, ukitumia pip moja kwa moja kwenye Python ya mfumo inakataa na kuandika `externally-managed-environment`. Inakataa kwa sababu zipo programu za mfumo zinazotegemea Python hiyo hiyo, ukiichezea unaweza kuziharibu. Na mtu anakuja na kifua mbele: ongeza `--break-system-packages`. Jina lenyewe linasema litavunja! Mnampa mwanafunzi amri hiyo kwenye mashine ambayo kaka yake anaitumia kazini? Njia salama si ndefu, ni kuupa mradi mazingira yake ya Python yaliyotengwa, yaani venv:

`python3 -m venv .venv`
`source .venv/bin/activate`

Ikikataa kwenye Debian au Ubuntu, kwanza `sudo apt install python3-venv`. Kuanzia hapo kila mradi una folda yake, na pip na Python zinazoitika kwenye terminali ile ni za nyumba moja. Venv imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Si kitu kipya cha kuogopa.

Nyongeza kwa wenye miradi ya zamani: mkiona `No module named 'distutils'` (moduli ya zamani ya kufungasha programu) baada ya kuhamia Python 3.12, msihangaike kuitafuta kwa jina hilo. Iliondolewa kwenye toleo hilo, Oktoba 2023. Sakinisheni `setuptools` au rudini 3.11.

Sasa nimalizie na kilichonifanya nifungue uzi huu badala ya kulala. Nilijifunza Python kwenye kozi ya kulipia, wiki sita. Siku ya kwanza tuligawiwa karatasi ya maelekezo: sakinisha Python, sakinisha Anaconda, andika `pip install`. Venv haikutajwa siku yoyote kati ya zile wiki sita. Zile Python mbili zilizogombana kwenye laptop yangu hazikutoka hewani, na nina hakika wenzangu wengi wa darasa lile wanazo hadi leo na hawajui.

Leo asubuhi nimemwandikia mkufunzi, kwa heshima, nikamwonyesha mistari miwili ya kuongeza kwenye karatasi ile. Ameisoma, alama mbili za bluu zipo, hajajibu. Kundi jipya linaanza Jumatatu.