MJADALA: Kumwambia mwanafunzi wa Kiingereza "sahau Kiswahili" ni kumsaidia au kumpoteza?

Wadau habari zenu, leo naomba tulijadili hili maana kila likiguswa watu wanagawanyika. Kuna wanaosema ukitaka kukijua Kiingereza basi Kiswahili unakiacha mlangoni, usitafsiri, waza kwa Kiingereza, na mwalimu akitamka sentensi moja tu ya Kiswahili anaonekana hajui kazi. Mimi nafundisha watu wazima jioni na sikubaliani na hilo kabisa, na sababu yangu kubwa ni vitenzi.

Juzi mama mmoja darasani aliandika habari kwamba alimpigia mwanae simu akaambiwa amelala. Akaandika "he has slept". Nikakata, nikaandika juu yake "he is asleep". Akaangalia daftari, akaniangalia, akasema mwalimu, si ulisema -me- ndio "has"? Na kweli nilisema! Kwahiyo kosa lile halikutokana na uvivu wala kichwa kizito, alifuata kanuni niliyompa mimi mwenyewe. Ikabidi nigeuke ubaoni niandike Kiswahili. -me- yetu inabeba mizigo miwili, kuna kitendo kilichokwisha kama amekula, amefika, halafu kuna hali aliyonayo mtu muda huu kama amelala, amesimama, amevaa, amechoka. Kiingereza kinaitenganisha mizigo hiyo, "she has eaten" lakini "she is asleep", "she is standing", "she is tired". Dakika tano tu, darasa zima likaanza kutafuta lenyewe, na amenuna je? na amelewa? na amekaa? Sasa nauliza, hilo ungelieleza vipi kwa Kiingereza kitupu kwa mtu ambaye hicho Kiingereza ndio anakitafuta?

Na "I have seen him yesterday" inatoka hapohapo. Sisi mtu akisema nimemwona jana hakuna anayeshtuka. Kiingereza ukishataja jana ile "have" inaondoka, inakuwa "I saw him yesterday". Ukimwekea mtu kosa bila kumwambia linatoka wapi, wiki ijayo analirudia.

Kuna wanaosema vitenzi ni kukariri tu, "go, went, gone", imba mpaka iingie. Kukariri kuna sehemu yake sibishi, maana vile vitenzi vinavyotumika kila dakika kama "be", "have", "do", "say", "go" ndio hivyohivyo visivyofuata -ed, na hiyo "went" ilitoka kwenye kitenzi kingine kabisa, "wend", ndio maana haifanani na "go" hata herufi moja na hakuna kanuni ya kukufikisha pale. Lakini anayeandika "I didn't went" hajashindwa kukariri jamani, "went" anaijua! Hajaona tu kwamba wakati uliopita unatajwa mara moja. Na hili sisi tunalo tangu utotoni, tunasema sikuenda, nani anasema sikulienda? -ku- ikishabeba wakati uliopita -li- haina kazi tena. "Did" ndio inafanya kazi hiyohiyo. Mtu akiliona hivyo mara moja hata "did you saw" anaikamata mwenyewe.

Sasa upande wa pili wananibana kwenye nahau, na hapo wana hoja. Ukitafsiri neno kwa neno unaharibu, kata tamaa ukiipeleka Kiingereza hivyohivyo hakuna atakayekuelewa, na "kick the bucket" kwao ni kufa ila ukiigeuza ukasema "the bucket was kicked" umebaki na ndoo iliyopigwa teke basi. Hilo nakubali. Ila hata hapo mtu anayesema kila siku "babu amekula chumvi nyingi" hahitaji somo refu kuelewa kwamba maneno yakikaa pamoja yanaweza kuwa na maana yao wenyewe. Na piga je? Piga simu, piga pasi, piga picha, piga magoti, kipigo kiko wapi? Mkumbushe hiyo kwanza halafu mpe "put off" kuahirisha, "put out" kuzima moto, "put up with" kuvumilia, hatakuuliza tena "put" si ni kuweka.

Kinachoniuma zaidi ni kuona mtu anafundishwa "raining cats and dogs", msemo ambao kwenye mazungumzo ya kawaida ni nadra kuusikia, wakati "I'm looking forward to seeing you" anayoihitaji kwenye barua anaikosea, anaandika "to see". Au "used to". "I used to wake up early" ni zamani nilikuwa naamka mapema, siku hizi siamki. "I'm used to waking up early" ni nimezoea kuamka mapema. Mstari mmoja wa Kiswahili umemaliza kazi, ila nimeona watu wakizungushwa kipindi kizima kwa Kiingereza na wakatoka wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia.

Najua mtasema mtoto anajifunza lugha bila kutafsiri. Sawa, ila mtoto anaisikia kutwa nzima miaka na miaka, mwanafunzi wangu ana masaa mawili tu jioni akiwa ametoka kazini. Na sitetei darasa la Kiswahili mwanzo mwisho, kuongea lazima waongee Kiingereza, tena sana, hata wakikosea.

Kwahiyo mnaofundisha bila kugusa Kiswahili kabisa karibuni, naombeni kweli mnieleze, "amelala" na "amekula" mnazitenganishaje kwa mtu anayeanza?