Umelipa, duka limefungwa, mzigo haujatoka: tulinganishe njia za kurudishiwa pesa (Lubumbashi, Kongo ya Kinshasa)

Fundi_Katuba

Wandugu, ninafungua mada hii tulinganishe njia, ili mtu akifikwa ajue aanzie wapi. Chukueni mfano wa mabati 60 kwa dola 11 kila moja, jumla dola 660. Mnunuzi amelipa yote, ana fakture (hati ya mauzo) yenye muhuri wa "payé" (imelipwa), na chini imeandikwa kwa kalamu kwamba mzigo unatoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wiki ijayo. Wiki inafika, mlango una kufuli, simu haipatikani.

Njia ninazosikia zikitajwa: kupinga malipo kwa banki, kulalamika kwa kampuni ya simu, kwenda parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), kwenda tribinali (mahakama), au kumtafuta mwenye duka mkapatana. Ipi inarudisha pesa kweli, na ipi inakula pesa nyingine juu ya ile iliyopotea?

Karani_Kampemba

Papa Fundi, kabla ya njia kuna maswali mawili: aliyekuuzia ni nani mbele ya sheria, na mzigo uko wapi leo.

La kwanza liko kwenye fakture yenyewe. Tazama juu, au chini kabisa kwenye maandishi madogo, utafute namba ya RCCM (rejista ya biashara), ya Id. Nat. (kitambulisho cha kitaifa cha biashara) na ya kodi. Ndani ya RCCM, baada ya mwaka, kuna herufi. A ni mtu binafsi anayefanya biashara, ndizo "Ets" (établissements) nyingi za mjini. B ni kampuni, mara nyingi SARL (kampuni ambayo washirika hawadaiwi zaidi ya mtaji wao). Herufi hiyo moja inabadilisha kila kitu. Mwenye Ets anadaiwa kwa mali yake yote: gari, kiwanja, akiba ya banki, hata kama duka limekufa. Kwa SARL unaidai kampuni, na washirika hupoteza tu mtaji waliouweka, isipokuwa uthibitishe kosa la meneja mwenyewe.

Fakture isipokuwa na namba yoyote, nenda greffe (ofisi ya makarani) ya Tribinali ya Biashara na jina la duka, uombe waangalie kwenye rejista. Unatafuta jina kamili la mwenye, anwani yake, na kama ameshafuta biashara. Usiruke hatua hii. "Duka lenye rangi ya bluu karibu na soko la Kenya" (komini ya hapa mjini) haliwezi kushtakiwa, na huisie (ofisa wa kupeleka karatasi za tribinali na kukamata mali) hana mahali pa kuzipeleka.

Mama_Depo

Kwa swali la pili, mtu wa kwanza kumwona ni mwenye nyumba. Mara nyingi kufuli ile ni yake, kwa sababu ya pango lisilolipwa, na bidhaa bado ziko ndani. Muulize mambo matatu: funguo ziko kwa nani, nani amekuja kutoa vitu, na kama kuna depo (ghala) nyingine. Usimwombe akufungulie uchukue mabati yako. Ukiyatoa bila karatasi, wewe ndiye utakayeitwa mwizi, na wadai wengine hawatakuacha.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami. Vitu vinavyouzwa kwa kuhesabu au kupima, kama mabati, simenti au misumari, havijawa vyako hasa mpaka vihesabiwe na kutengwa. Kama mabati 60 yamefungwa kamba pembeni na jina lako limeandikwa kwa chaki, una haki ya kudai kitu chenyewe. Kama yako kwenye rundo la mabati 900, unachodai ni pesa. Kwa hiyo siku ya kulipa mwambie atenge, aandike jina na namba ya fakture juu ya mzigo, upige picha inayoonyesha vyote viwili.

Karte_na_Simu

Nitaeleza namna ya kulipa, maana ndiyo inayoamua nusu ya kesi.

Karte ya banki, Visa au Mastercard, hata ile ya kujaza pesa kabla: hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na wengi hapa hawaijui kwa sababu maduka mengi bado yanapokea taslimu. Unaenda kwa banki iliyokupa karte (si banki ya muuzaji) unaomba fomu ya kupinga malipo, sababu: bidhaa haikufika. Kwa Visa sababu hiyo ina namba 13.1. Muda ni siku 120, unaohesabiwa tangu tarehe ya mwisho uliyoahidiwa mzigo, ila usipite siku 540 tangu siku ya malipo. Kama hakuna tarehe ya kupokea iliyoandikwa popote, unangoja kwanza siku 15. Duka kufungwa hakuui dai: banki iliyompa muuzaji mashine ndiyo inayobeba hasara kama yeye ametoroka.

Kinachoangusha madai haya ni faili mbovu. Peleka fakture, risiti ya mashine, ahadi ya tarehe (hata ujumbe wa WhatsApp), na ushahidi kwamba ulimtafuta muuzaji: ujumbe usiojibiwa, picha ya mlango uliofungwa. Ukiwa umepokea mabati 20 kati ya 60, pinga dola 440 tu. Ukipinga zote 660, muuzaji akionyesha hati ya kupokea 20, dai lote linaonekana la uongo.

Aliyelipia mtandaoni kwa PayPal ana siku 180 tangu malipo za kufungua malalamiko kwao.

Pesa ya simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money: hapa nguvu ni ndogo. Kampuni ya simu inaweza kusaidia ukikosea namba na pesa bado iko kule, lakini pesa uliyoituma kwa hiari yako kwa muuzaji haiwezi kuirudisha kwa amri yako. Unachopata kwao ni ushahidi. Usifute ule ujumbe wa uthibitisho, una namba ya muamala, saa na jina lililosajiliwa. Nenda kwenye ofisi yao uombe historia ya akaunti iliyochapishwa. Linganisha jina la kwenye ujumbe na jina la kwenye fakture. Yakitofautiana, kwa mfano pesa iliingia kwa namba ya kijana wa kaunta, muuzaji atasema hakupokea kitu. Ndiyo maana fakture inatakiwa ibebe namba ya muamala, imeandikwa na kupigwa muhuri.

Na akikupigia mtu akisema yeye ni wa huduma kwa wateja, atakurudishia pesa ukimpa namba yako ya siri, kata simu.

Kijana_Ruashi

Yaya, hizo karatasi zote za nini? Si unaenda tu parke, anaitwa, anaogopa, analipa?

Faili_na_Muhuri

Ndugu yangu, wakati mwingine analipa, ndiyo maana njia hiyo inapendwa. Lakini tuitazame vizuri.

Kutotoa bidhaa peke yake ni kuvunja mkataba, si kosa la jinai. Kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu, kile cha utapeli, kinataka hila: jina la uongo, biashara isiyokuwepo, picha za mzigo usio wake, fakture za bidhaa ambazo hakuwa na njia ya kuzipata. Kifungu cha 95, cha kuvunja uaminifu, kinahusu kitu ulichomkabidhi mtu akitumie kwa kazi fulani au akurudishie, naye akakila. Bei uliyolipa dukani si amana, imekuwa pesa yake. Kwa hiyo aliyeuza miaka mingi kisha akafilisika, avoka (wakili) wake ataomba faili ifungwe. Aliyekusanya pesa za watu wengi wiki ileile huku akihamisha vitu usiku, huyo parke inamfaa, na ombi la parke kwa kampuni ya simu linaweza kuonyesha pesa zilielekea wapi. Ukienda, omba fidia kama mdai wa kiraia ndani ya kesi hiyohiyo, la sivyo anaweza kuhukumiwa na wewe usipate hata franka.

Kwa kesi ya kawaida mimi ninaweka mbele Tribinali ya Biashara. Inapokea kesi hata kama mnunuzi si mfanyabiashara, mradi anayeshtakiwa ni mfanyabiashara. Na tangu nchi yetu ilipoingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara) mwaka 2012, tuna zana tatu nzuri.

Ya kwanza ni kukamata mali kwa tahadhari, saisie conservatoire. Unaomba kwa hakimu bila kumwarifu mdaiwa, ukionyesha kwamba deni lina msingi na kwamba kuna hatari pesa isipatikane. Duka lililofungwa ghafla na gari lililoonekana likipakia ni hatari inayoeleweka. Huisie anaorodhesha mali pale ilipo na haiwezi kuuzwa tena. Lakini saisie hiyo inakufa usipofungua haraka kesi ya kupata hukumu. Wengi wanasherehekea kufuli ya huisie, wanalala, mwezi unapita, mali inaachiliwa.

Ya pili ni amri ya kulipa, injonction de payer. Deni liwe la hakika, lenye kiasi kinachojulikana, na muda wake umefika. Na hapa watu wanakosea: fakture ya mabati inathibitisha deni la mabati, bado si deni la pesa. Kwanza mpelekee ilani kwa maandishi, bora kupitia huisie, ukimpa muda wa mwisho na kumwambia kwamba muda ukipita unavunja mauzo na kudai bei. Mwenye duka asiyetaka kubishana atalipa. Anayetaka kubishana ataipinga amri na kesi itakuwa ya kawaida, ambapo unaomba tribinali ivunje mauzo na kuamuru bei irudishwe.

Ya tatu ni amri ya kukabidhi kitu, na hiyo ni kwa yule wa chaki wa Mama Depo: kitu kinachoonekana, kilichotengwa.

Ukishapata hukumu, pesa iliyoko kwa mtu wa tatu, kama banki, inakamatwa pia. Sheria hiyo ya OHADA ilivyorekebishwa 2023 inazungumzia hata pesa za kielektroniki. Kwa pesa za akaunti, aliyetangulia kukamata ndiye anayepewa. Wanaokuja kesho yake wanabaki na karatasi.

Fundi_Katuba

Na akitokea mwenyewe, anaomba apewe muda? Au anasema chukua simenti badala ya mabati?

Mama_Depo

Simenti chukua, ikiwa iko mbele ya macho yako, haijashika unyevu, na inatoka siku hiyohiyo. Ibonyeze mifuko kwenye pembe: iliyoganda haifai hata kwa bei ya bure. Andikeni kwamba mifuko kadhaa kwa bei kadhaa inapunguza deni mpaka dola kadhaa, mtie sahihi wote wawili.

Akiomba muda, mpe kwa karatasi ya kukiri deni, si kwa maneno. Iwe na jina kamili na namba ya kitambulisho chake, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na sarafu ileile ya fakture, maana deni la dola likigeuzwa franka unaweza kupoteza kwa mabadiliko ya bei. Weka tarehe za kila sehemu, na sentensi moja kwamba akikosa sehemu moja deni lote linadaiwa mara moja. Mdhamini naye atie sahihi. Kwa kiasi kikubwa nendeni kwa notè (ofisa anayethibitisha hati): hati ya notè yenye fomula ya utekelezaji inampa huisie nguvu ya kukamata bila kuanza kesi upya. Fakture ya asili usiirudishe mpaka franka ya mwisho.

Karani_Kampemba

Niongeze upande wa kufilisika, kwa sababu kufunga mlango na kufilisika ni vitu viwili. Tribinali ikitangaza rasmi, kesi za mtu mmojammoja zinasimama na anateuliwa sindiki (msimamizi wa mali ya aliyefilisika). Unampelekea dai lako, kiasi na nakala za ushahidi, ndani ya muda unaotangazwa gazetini. Ukichelewa unaweza kuachwa nje. Mnunuzi wa kawaida hana dhamana, kwa hiyo mishahara ya wafanyakazi na banki zenye rehani vinatangulia. Mwenye mzigo uliotengwa anaudai mzigo wake kwa sindiki badala ya kungoja mgawo, na mwenye karte anaendelea na banki yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kijana_Ruashi

Sawa wakubwa, nimeelewa. Na kama ni dola 90 tu?

Faili_na_Muhuri

Kwa dola 90 usianze na avoka. Peleka ilani uliyoandika mwenyewe, nakala mbili, ya kwako isainiwe na aliyeipokea, hata kama ni mke wake au mlinzi. Kisha omba shefu wa katiye (mkuu wa mtaa) anakoishi mdaiwa awaite. Mkikubaliana, karatasi ya kukiri deni iandikwe palepale. Na ulizia kwa wanunuzi wengine: mkiwa kumi mnaweza kumlipa huisie mmoja kwa ilani zote na kugawana gharama, kila mtu na fakture yake na dai lake. Kabla ya kulipa chochote greffe, omba waandike gharama zote, kuanzia kufungua faili mpaka kukabidhi karatasi. Zikikaribia 90, mkono wako ubaki kwenye ilani na shefu.

Fundi_Katuba

Aksanti sana. Nitaiweka ilani ya mfano kesho: jina la mdaiwa kama lilivyo kwenye RCCM, namba na tarehe ya fakture, idadi na vipimo vya mabati, namba ya muamala, siku nane za kukabidhi au kurudisha dola 660. Mwenye nyongeza aseme kabla sijaichapisha.

Karte_na_Simu

Ongeza namba ya simu au akaunti ya kurudishia pesa. Akikosa mahali pa kulipa, hicho ndicho kisingizio chake cha kwanza.